Macho Hayana Pazia, Lakini Miguu Ina Mpaka

Siku moja, baada ya somo la jiografia, mwanafunzi mmoja alitukaribia akiwa na simu mkononi. Nyuma yake walikuja wenzake watano sita, wakibishana. «Mwalimu,» akasema, «tazama picha hii, kisha utuambie kama ni ya kweli au ni ya uongo.»

Tukaitazama. Ilionyesha ufuko wa mchanga mweupe na bahari ya rangi ya samawati. Watu wengi, wake kwa waume pamoja na watoto, walikuwa wamesimama mchangani na majini. Na juu ya vichwa vyao, karibu mno hata ungedhani waweza kuigusa kwa ufito mrefu, ndege kubwa yenye injini nne ilikuwa imenyosha magurudumu yake kama tai anyoshavyo makucha juu ya kifaranga.

Tukawajibu kwamba picha ni ya kweli, na kwamba mahali penyewe huitwa Maho, katika kisiwa cha Sint Maarten. Kijana yule akafurahi sana. «Kumbe!» akasema. «Basi mimi nikifika huko sitasimama majini. Nitaushika ule ua wa waya ulio nyuma ya ndege, niuonje upepo wake.» Wenzake wakampigia makofi.

Sisi hatukupiga makofi, lakini hatukumkaripia vilevile, maana kengele ilikuwa imelia, na neno zito halisemwi mbiombio. Tulimwahidi kwamba tutamjibu. Jawabu letu ndilo hili. Twaliandika hapa kwa sababu twajua kuwa vijana wenye mawazo kama yake ni wengi, na wazazi wao pia wangependa kusikia. Twende basi, msomaji mpendwa, twende pamoja kwa fikira mpaka ufuko ule, tukae mchangani jioni moja, tutazame jua na ndege.

KISIWA KILICHOKATWA KAMA JOHO

Sint Maarten ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Karibi, yapata kilometa 300 mashariki ya Puerto Rico. Eneo lake lote halifiki kilometa za mraba 100. Jina lake ni la Mtakatifu Martino, yule askari wa Roma aliyelikata joho lake vipande viwili ili amfunike maskini penye lango la mji wa Amiens. Nacho kisiwa chenye jina lake kimekatwa vipande viwili: tangu mapatano ya mwaka 1648, upande wa kaskazini ni wa Wafaransa, na upande wa kusini ni wa Waholanzi. Tarehe 10 Oktoba 2010 upande huo wa kusini ulipata serikali yake wenyewe, ingawa ungali ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Watu huvuka toka upande mmoja hata wa pili bila kusimamishwa mpakani.

Kiwanja cha ndege tunachokitaja kipo upande wa kusini, kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya bahari na ziwa la maji ya chumvi liitwalo Simpson Bay. Kilianza mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, kikiwa kiwanja cha kijeshi. Mwaka 1943 kikafunguliwa kwa ndege za raia. Mwaka 1944 Juliana, binti wa malkia wa Uholanzi, ambaye baadaye alikuwa malkia mwenyewe, alitua hapo, na kiwanja kikapewa jina lake: Princess Juliana.

Njia ya kutulia ndege ina urefu wa meta 2,300 hivi. Sasa shika vema utaratibu wa mahali penyewe, kwa kuwa maneno yetu yote yategemea huo. Penye mwisho wa magharibi wa njia hiyo pana ua wa waya. Nyuma ya ua pana barabara ya magari. Nyuma ya barabara pana ufuko mwembamba wa Maho. Nyuma ya ufuko pana bahari. Basi, hakuna nafasi nyingine kati yao.

KWA NINI NDEGE HUPITA CHINI HIVYO?

Labda utasema: «Marubani wa huko hupenda kuwaogofya watu.» Sivyo hata kidogo. Rubani hafanyi mchezo; yeye hufuata hesabu, na hesabu yake ni ile ile anayoifuata katika viwanja vingi vya dunia.

Ndege kubwa ikitaka kutua haianguki kama jiwe, wala haishuki kama mtu anayeteremka ngazi. Hushuka polepole kwenye mteremko wa digrii 3. Chukua kalamu uhesabu: katika mteremko huo, kwa kila kilometa moja ya kwenda mbele, ndege hushuka yapata meta 52. Maana yake, ndege iliyobakiza meta 1,000 kufika mahali pa kugusa ardhi iko juu kwa meta 52, na iliyobakiza meta 300 iko juu kwa meta 16 tu. Penginepo, chini ya hizo meta za mwisho kuna majani na taa za kumwongoza rubani, wala mtu haruhusiwi kukanyaga. Lakini pale Maho, chini ya meta hizo kuna watu wanaooga. Njia haikuweza kusogezwa mbali na bahari, maana upande wa mashariki kuna vilima. Ndege zinazoruka kuelekea huko hulazimika kugeuka upande wa kulia mara zikiisha kupaa.

Jambo la pili ni upepo. Huko Karibi upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima; ndio upepo uliowasukuma mabaharia wa zamani waliotoka Ulaya kwa matanga. Ndege hutua ikiuelekea upepo. Kwa nini? Tuseme ndege yahitaji mwendo wa kilometa 250 kwa saa hewani ili isianguke. Upepo wa kilometa 30 ukija mbele yake, mwendo wake juu ya ardhi ni kilometa 220 tu, nayo yaweza kusimama mahali pafupi zaidi. Kwa hiyo ndege hutoka baharini, upande wa magharibi, na kupita juu ya ufuko.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa Maho. Mtazamaji aliyeketi mchangani huelekea magharibi kuitazama ndege, na magharibi ndiko jua linakochwa. Jicho moja huona yote mawili. Karibu na miezi ya Machi na Septemba, jua linapozama magharibi kamili, ndege ijayo jioni huonekana kwanza kama chembe nyeusi katika mwanga mwekundu. Kisha hutokea taa, kisha mabawa, kisha magurudumu, na mara sauti yafika na kivuli chapita.

Ndege ile ya injini nne katika picha ya mwanafunzi wetu ni Boeing 747 ya shirika la Waholanzi, KLM. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, ni meta 64 hivi. Tangu Oktoba 2016 shirika hilo haliileti tena huko. Lakini yafaa kuzitazama hata zile ndogo, zenye mapanga mawili na viti visivyofika 20. Nyingine hutoka Saba, kisiwa jirani chenye watu 2,000 hivi, ambacho njia yake ya ndege ina urefu wa meta 400 tu, iliyokatwa juu ya mwamba penye ukingo wa bahari. Mtu wa Saba akiugua ugonjwa usioweza kutibiwa kwao hupelekwa Sint Maarten. Mtalii asiyejua huigeuzia kisogo ndege hiyo ndogo, akisema: «Hii si kitu.» Kumbe ndani yake labda yumo mama anayekwenda kujifungua.

JUA LISILOKUWAPO

Wasomaji wetu wa Uvira na Kalemie huliona jua likichomoza ng'ambo ya ziwa, na jioni likijificha nyuma ya milima. Kwa hiyo wengi wao hawajapata kuliona jua likizama majini. Kule Maho huzama majini: mwezi Desemba yapata saa kumi na moja na dakika 40, na mwezi Juni yapata saa kumi na mbili na dakika 48. Tangu ukingo wake wa chini kuugusa upeo wa bahari hata ukingo wa juu kutoweka, hupita dakika mbili na kidogo tu. Aliyeinama kufunga viatu huinuka akakuta limekwisha.

Kwa nini huwa jekundu? Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Ukiingia hewani, chembe ndogo sana za hewa huutawanya, lakini haziutawanyi sawasawa: rangi ya buluu hutawanywa zaidi kuliko nyekundu. Ndiyo sababu mchana mbingu ni buluu pande zote. Mtaalamu Mwingereza aitwaye Rayleigh aliyaeleza hayo mwaka 1871. Jioni mwanga hutujia kwa mshazari, ukipita katika hewa nyingi mara 38 hivi kuliko adhuhuri jua likiwa utosini. Katika safari hiyo ndefu rangi ya buluu hupotea njiani, na nyekundu ndiyo ifikayo.

Kuna ajabu kubwa zaidi. Fimbo iliyochovywa majini huonekana kama imevunjika, kwa sababu maji huupinda mwanga. Hewa nayo huupinda, ingawa kwa kiasi kidogo. Upindaji huo penye upeo wa bahari watosha kuliinua jua machoni petu kupita upana wake wote. Kwa hiyo, tunapoliona jua limeugusa upeo kwa ukingo wake wa chini, jua lenyewe limekwisha kushuka lote chini ya upeo. Watu mia moja wakaa mchangani wakitazama kitu kisichokuwapo mahali wanapokiona.

Tafadhali, msomaji, shika neno hili: jicho ni shahidi mzuri, lakini si shahidi wa kila kitu. Jicho limeona jua pasipo jua. Sasa tutaona jambo ambalo jicho haliwezi kuliona kabisa, nalo lipo.

UA WA WAYA

Tumesema habari za ndege zinazotua. Sasa tuseme habari za zinazoruka, maana hatari kubwa ipo huko.

Ndege inayotaka kuruka huelekea upepo vilevile. Basi huenda mpaka mwisho wa magharibi wa njia, ikageuka, ikaelekeza pua yake mashariki na mkia wake kwenye ua, barabara na ufuko. Rubani huziongezea nguvu injini. Injini huvuta hewa mbele, huipasha moto, huirusha nyuma kwa nguvu nyingi, nayo ndege husukumwa mbele. Ni sheria ile mnayojifunza shuleni: anayesukuma husukumwa. Lakini hewa iliyorushwa nyuma yaenda wapi? Yaenda penye ua. Nyuma ya ndege kubwa kama ile 747, hata kwa umbali wa meta 60, upepo huo waweza kuzidi kilometa 160 kwa saa. Mchanga unaochukuliwa nao huchoma ngozi, na mtu mzima huinuliwa kama nguo iliyoanikwa.

Tena upepo huo hauna rangi. Jicho laona ndege imesimama mbele, nzuri, inang'aa katika jua la jioni. Halioni kitu chochote kati ya ndege na ua. Kwa sababu hiyo wenye mamlaka wameweka kibao penye ua, chenye maandishi makubwa na mchoro wa mtu anayeangushwa, kusema kwamba upepo wa ndege waweza kujeruhi na kuua. Kila aendaye pale hukiona. Hata hivyo, kwa miaka mingi, watu wengi wamekuwa wakipita mbele ya kibao hicho na kuushika waya kwa mikono miwili, miguu yao ikipepea hewani, na wenzao wakiwapiga picha na kuwacheka.

Mwezi Julai 2017 mwanamke mmoja mtalii alikuwa miongoni mwa walioushika ua. Ndege ikaongeza nguvu, upepo ukamtupa nyuma, kichwa chake kikagonga saruji, akafa. Hakuwa mtoto, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni katika mapumziko yake, akafanya jambo ambalo amewaona wengine wakilifanya na kuondoka salama. Alikuwa na watu wake waliomngoja arudi nyumbani. Kila aliyeushika ua kabla yake na kurudi akicheka alikuwa kama aliyemwambia: «Njoo, hakuna neno.» Wazee wetu walisema: «Tamaa mbele, mauti nyuma.» Pale Maho methali hiyo imekuwa kweli kama ilivyoandikwa: tamaa ya macho ilikuwa mbele, kwenye ndege, na saruji ilikuwa nyuma.

WALIPOINGOJA NDEGE KWA MACHOZI

Haikupita hata miezi miwili tangu kifo hicho, kukaja upepo mwingine, ambao hakuna aliyeutafuta. Tarehe 6 Septemba 2017 tufani iitwayo Irma ilipiga kisiwa kwa upepo uliozidi kilometa 280 kwa saa. Mapaa yaling'olewa, mashua zilirundikana, na nyumba nyingi sana ziliharibika upande wa Wafaransa na upande wa Waholanzi vilevile. Jengo la abiria la kiwanja cha ndege liliharibiwa vibaya.

Siku zile hakuna aliyekwenda kushika ua wa waya. Watu waliitazama mbingu ya magharibi kwa jicho jingine. Ndege za kijeshi za Uholanzi na za Marekani zilitua juu ya njia ile ile, zikileta maji, chakula na dawa, na kuondoka na watu waliopoteza makao. Tarehe 10 Oktoba 2017 kiwanja kikafunguliwa tena kwa ndege za abiria, na kwa muda abiria walihudumiwa ndani ya mahema. Jengo lenyewe lilichukua miaka kutengenezwa. Lilifunguliwa likiwa kamili mwaka 2024.

Kwa nini twasimulia hayo? Ili mjue ndege ni nini kwa watu wa kisiwa kile. Nchi ndogo kama ile haina mashamba makubwa wala madini; karibu kila kitu huja kwa meli na kwa ndege, na riziki ya wengi hutoka kwa wageni. Mpishi, dereva wa taksi, mwuza samaki, mfua mashuka wa hoteli, wote hula kwa sababu ndege imetua salama. Yeye anayeichezea ndege nyuma ya mkia wake anakichezea chungu cha jirani.

JAWABU LETU

Basi, mwanangu uliyetuletea picha, hili ndilo jawabu letu.

Hatukukatazi kutazama. Macho hayana pazia, na dunia imejaa mambo yanayostahili kutazamwa. Mtu akiketi jioni mchangani, akaliona jua likizama na chombo cha tani mia mbili na zaidi kikiteremka kwa upole kama njiwa, akashangaa na kunyamaza, amefanya jambo jema. Mshangao ndio mwanzo wa elimu. Wewe mwenyewe usingejua habari za digrii 3, wala za mwanga unaopindwa na hewa, kama picha ile isingekushangaza.

Lakini ulisema utaushika ua ili uuonje upepo. Hapo twakukataza, tena kwa neno zima. Mambo mengine hujulikana kwa kuonja, kama chumvi. Mengine hujulikana kwa kuambiwa, kama sumu. Upepo wa injini ni wa namna ya pili. Kibao kile kimeandikwa na watu waliokwisha kuona, ili wewe usilazimike kuona. Kukitii si woga. Rubani wa ndege ile ni mtu hodari, naye hutii vibao vingi kuliko wewe: mwendo wake hupimwa, njia yake huandikwa, na mteremko wake ni wa digrii 3, wala hathubutu kuufanya wa digrii 6 ili awafurahishe walio ufukoni.

Tena usiseme: «Maho ni mbali, hayanihusu.» Huku kwetu pia kuna njia za ndege ambazo watoto huzivuka ili kufupisha safari, kuna malori ambayo vijana huyadandia nyuma yakipanda mlima, na kuna wenzao wanaosimama kando wakipiga makofi. Tunaandika hasa kwa ajili ya hao wapiga makofi. Mtu mmoja peke yake mara chache huushika ua. Huushika kwa sababu kuna anayemtazama. Siku ile darasani, mwanangu, ulikuwa umezungukwa na wenzako watano sita. Kama mmoja wao tu angalisema, «Ndugu, usifanye hivyo,» maneno yako yangaliishia hapo.

Tulipomsomea kijana huyo habari hizi kabla ya kuzipeleka gazetini, alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza: «Mwalimu, je, majini palipo mbali kidogo na ua, mtu aweza kusimama?» Tukamjibu kwamba aweza, na ageuze uso magharibi, na ndege ikiisha kupita asiondoke upesi, maana jua halijazama. Akaitikia kwa kichwa, akaifunga simu yake, akarudi kwa wenzake.